Kitanda Kimoja Melini

Hebu nijibu, wewe unayependa kuamua mambo ya watu: mmoja akimwita mgeni, wa pili akamwonyesha njia, wa tatu akamfungulia mlango, mgeni huyo ni wa nani? Usijibu haraka. Waliojibu haraka wote wamejikuta wakijipinga wenyewe.

Ulikuwapo mji mdogo, Mwambweni, ndani ya hori, pale bahari inapoingia bara, nyuma ya mikoko. Mejumaa wa hapo alijaliwa ulimi: Kiswahili cha kwao, Kiingereza cha chuo, Kiitaliano cha ufukweni, na matusi ya lugha zote tatu. Chengo, mkata boriti za mikoko, alijaliwa jicho. Akiutazama uso wa maji hukwambia chini yake kuna tope au mchanga. Bi Mwanakombo, mjane, alijaliwa mkono wa kupokea. Ukiingia kwake umenuna, utatoka umeshiba na umesahau ulichonunia.

Mejumaa alikuwa na digrii ya utalii pia, lakini hiyo si kipaji, ni karatasi. Miaka minne aliizungusha ofisi hadi ofisi, na kila ofisi ikamjibu kwa utamu uleule: "We regret to inform you." Regret gani hiyo isiyomkosesha mtu usingizi?

Kila msimu meli kubwa ilitia nanga kwenye bandari kuu, mwendo wa saa moja kwa gari. Watu elfu tatu walishuka, wakapakiwa mabasi, wakaonyeshwa ngome, wakanunua twiga wa mbao, na kabla jua halijatua walisharudi ndani kula chakula cha kwao. Mwambweni haikuuona hata moshi wake. Basi Mejumaa aliposikia kuna kampuni yenye meli ya wageni sitini tu, akaiandama mwaka mzima. Akawatumia picha za hori, akawatumia sauti, akawapigia simu mpaka wakamjua kwa kikohozi. Meneja wao akamwambia bandari yenu ni ndogo mno.

"Ascolta, signore, sikiliza bwana," Mejumaa akamjibu. "Meli kubwa huiona pwani kama abiria anavyoona harusi kupitia dirisha la basi. Yenu ni ndogo. Ingieni ukumbini, mle, mcheze!"

Meneja akacheka, na aliyecheka keshaanza kukubali. Tarehe ikapangwa. Bila ulimi ule, meli ile ingeipita Mwambweni kama nyingine zote.

Siku ikafika, na wakubwa wa kaunti wakajiandaa kwa namna yao. Waliposikia "meli" hawakuuliza meli gani. Wakapiga mahema kwenye bandari kuu, wakapanga viti vya plastiki, wakaleta bendi. Na mwongoza meli wa serikali wakamkalisha mstari wa mbele, amevaa suti. Huku nyuma meli ndogo imefika mdomo wa hori, na nahodha wake, Aksel, yuko kwenye simu na Mejumaa: mvua zimehamisha fungu la mchanga, ramani inasema hivi, maji yanasema vile, aingie au ageuze?

"Usigeuze!" Mejumaa akamwambia, kisha akamgeukia Chengo pale gatini. "Kaka Chengo, utaiingiza?"

"Dada, mimi huingiza boriti. Boriti ikikwama, hakuna anayenifunga." Hakuwa na leseni. Alijua meli ikilala upande, atalala jela.

Lakini akapiga kasia, akapanda melini, akasimama kando ya Aksel. Nahodha akawa anasoma kina kwenye kioo chake, Chengo anaelekeza kwa mkono: kulia, kulia tena, ngoja. Mara moja tumbo la meli likasugua tope. "Mulungu wangu!" Chengo akafumba macho. Aksel naye akafumba yake, na kwa bahati nzuri meli haikuwafuata kufumba. Ikajinasua, ikateleza katikati ya mikoko mpaka gati la Mwambweni, mahali ambapo ile kubwa isingeingiza hata pua. Bila jicho lile, ulimi wa Mejumaa ungebaki kuwa kelele tu.

Gatini hapakuwa na mtu ila Mejumaa peke yake. Mejumaa alikuwa ameandaa tarumbeta, vugo la kina mama na pembe zao, vijana wa kirumbizi na fimbo zao za kuchezea. Yote kimya, milango imefungwa. Asubuhi ileile, Chengo akiwa bado majini, Mzee Shee alikuwa amefariki, kaka yake Bi Mwanakombo, wa tumbo moja. Na Mwambweni kukiwa na matanga, hata redio hainong'oni. Wageni sitini wamesimama kwenye ngazi na kamera shingoni. Mejumaa akaona mwaka wake mzima unazama kwenye maji ya magoti.

"Nitawarudisha," akasema, machozi yanamlenga.

Bi Mwanakombo akatokea na leso za nyumba nzima mabegani. "Umrudishe nani? Mgeni harudishwi."

"Bi Mwanakombo, ni matanga yenu!"

"Najua ni yangu, mwanangu, si wewe wa kunikumbusha. Hawa ni sitini. Sitini wanaenea mikekani. Wangekuwa elfu tatu, ningefunga mlango mimi mwenyewe."

Akawafunga leso wanawake, akakusanya kamera zote kwenye pakacha, akawafundisha kuwapa pole wafiwa kwa kusema "makiwa." Wanaume wakakaa nje chini ya turubai wakinywa kahawa chungu, wanawake ndani. Bibi mmoja wa Kiitaliano, aliyemzika mumewe na kurudi kwenye nyumba tupu, akalia pamoja na wenyeji mpaka akafutwa machozi na watu asiowajua. Jioni hakuna aliyetaka kuondoka, na meli ndogo haina haraka, ikalala. Bila mkono ule, wageni wangeona milango ya Mwambweni, wasiwaone watu wake.

Asubuhi Aksel akawaita wale watatu gatini. Kampuni inataka mtu wa kusafiri nao, bandari ndogo hadi bandari ndogo, kazi ya kudumu. "Kitanda ni kimoja," akasema. "Meli yenyewe mnaiona. Amueni kabla maji hayajajaa, yakianza kupwa sitoki."

Mejumaa akafungua mdomo kwanza, kama kawaida yake. "Niliwaita mimi. Nisingeita, mngemwongoza nani? Mngempokea nani?"

"Kweli," Chengo akasema. "Lakini uliyemwita alikuwa anageuza. Na mikoko wamekataza kukata, dada. Wewe una karatasi ya kuzungusha. Mimi nizungushe nini, shoka?"

Kweli hiyo nayo. Mejumaa akamtazama Bi Mwanakombo, akitumaini kwamba yeye walau atakataa, ana msiba, ana umri.

"Maisha yangu yote nimepokea watu," Bi Mwanakombo akasema polepole. "Hakuna aliyewahi kunipokea mimi. Hata mdomo wa hori sijauvuka. Mnadhani sitaki?"

Mejumaa kichwa kikamzunguka. Akijipa yeye kitanda, anamwona Chengo amefumba macho juu ya tope. Akimpa Chengo, anaziona leso. Akimpa Bi Mwanakombo, anajiona mwenyewe mlangoni pa ofisi nyingine, anasubiri regret. Maji yakapanda ngazi ya gati. Meli ikapiga honi.

Haya, msikilizaji, honi imelia. Kitanda ni kimoja, na bila yeyote kati yao kusingekuwa na kitanda. Je, wewe ungempandisha nani, na wale wawili ungewatazama kwa macho gani?

Na nyinyi wakubwa wa mahema, msijifiche nyuma ya swali hili. Kuita wageni, kuongoza meli na kuwapokea watu ni kazi tatu, zina ofisi tatu huko kwenu, na zina watu wanaolipwa kila mwezi. Mpeni Chengo leseni. Mpeni Mejumaa kiti. Mpeni Bi Mwanakombo mshahara wa kazi aliyoifanya bure maisha yake yote. Na mfanye hivyo sasa, maji hayajaanza kupwa.