Jiwe Lililopita Motoni

Jumanne, tarehe 11 Agosti, mwaka 1931, ndiyo siku yalipozaliwa maneno haya: "Jiwe lililopita motoni halitelezi." Vijana, jana mliyasikia arusini, mkauliza yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Roccamora, pwani ya Sisilia, kwenye Bahari ya Mediterania, palikuwa na njia mbili za kufikia vidimbwi vya chumvi. Moja ilipita juu ya mawe meupe, laini kama sahani. Nyingine ilipita juu ya majabali meusi, yenye matundu na makali, yaliyobaki zamani mlima ulipotapika moto, moto ukatiririka hadi baharini na kupoa. Wanawake wa kijiji hawakuyakanyaga meusi. Kila asubuhi waliyatemea mate, kisha wakashika njia nyeupe. Hata chumvi iliyokauka katika matundu yake hawakuitia kwenye samaki.

Assunta aliolewa kijijini hapo akitokea mlimani, ambako moto uliotapikwa na mlima ulikuwa umemeza nyumba ya wazazi wake. Mama mkwe wake, Filomena, alimkataza kugusa mapipa ya samaki.

"Mkono uliotoka motoni huozesha," alisema.

Kwa miaka mitatu Assunta alipika, akafua, akanyamaza. Alichokitamani kilikuwa kidogo: kuitwa siku ya kutia samaki chumvi, kama wake wengine.

Jumanne hiyo ya Agosti upepo uligeuka ghafla. Nedda, binti wa Filomena, alikuwa kwenye kidimbwi cha mwisho, na mimba yake ya miezi saba. Wimbi likaja, naye akateleza, mguu ukanasa kati ya mawe mawili. Maji yakamfika kifuani. Mwanamke mmoja alikimbilia njia nyeupe, akaanguka kabla ya hatua ya nne. Wa pili naye wenzake wakamvuta kwa sketi asichukuliwe na maji.

"Shika jiwe, mwanangu!" Filomena alilia.

Assunta alivua viatu vyake vya mbao, akapanda juu ya majabali meusi.

"Si huko, wewe! Huko kuna laana!"

"Mama, laana hiyo ina meno," Assunta alijibu bila kugeuka. "Na leo nayataka hayo meno."

Jiwe lilimchana nyayo, lakini halikumwachia. Alipofika, Nedda, ambaye kila siku alimwita Binti Majivu, alimtazama.

"Wifi, umekuja kunicheka?"

"Nitakucheka nyumbani. Nipe mkono."

Aliuchomoa mguu ule, akamshika kiuno. Nedda alitaka kurudi kwa njia ya mawe meupe aliyoyazoea. Assunta akamvuta kwenye meusi. Wimbi liliwapita vichwani. Lilipoondoka, bado walikuwa wamesimama.

Filomena aliwapokea ufukweni. Alizifunga nyayo za mkwewe kwa kitambaa cha kichwani mwake mwenyewe. Upepo ulipotulia, alichukua kikapu akaenda kwenye majabali meusi. Mdomo wake ulikwisha kujaa mate kwa mazoea, akayameza. Akaichota chumvi ya matundu ya juu, ambako mawimbi hayakufika, hadi kikapu kikajaa, akarudi nyumbani, akafungua pipa.

"Assunta, njoo. Anza wewe."

Jirani yake aliyesimama mlangoni alishika shavu. "Filomena, chumvi ya laana? Na mkono huo?"

"Wanangu wawili wamerudi juu ya jiwe hilo," Filomena alisema. "Mimi nililitemea mate miaka arobaini, nikalisifu lile laini. Jiwe lililopita motoni halitelezi."

Samaki wa pipa lile hawakuoza. Oktoba ilipofika, waliliwa siku ya kumpa jina mtoto wa Nedda, na Assunta ndiye aliyempakata.

Nawe uliyesoma, usikae na methali hii peke yako. Mpelekee jirani aliyeunguzwa na maisha, na yule anayemtemea mate pia. Waambie wote wawili: jiwe lililopita motoni halitelezi.