Bibi Nakiete na Ndege ya Mbao

Paukwa!

Pakawa!

Anayemenya maharage aendelee kumenya. Mikono na masikio havigombani.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha wachonga vinu, ukingoni mwa korongo pana. Mwaka mmoja mafuriko yalichukua daraja. Ng'ambo, kwa shangazi yake, akabaki binti wa Nanzia, mtoto wa miaka mitano. Kamba haikufika ng'ambo. Sauti haikufika.

Mume wa Nanzia, Mrutu, akaanza kuunda ndege ya mbao. Akamaliza mwili, mkia na bawa la kulia. Bawa la kushoto likawa bado mbavu tupu, homa ikamchukua.

Nanzia alimlilia mumewe, kisha akawaendea wachonga vinu.

"Nimalizieni bawa. Nitairusha mwenyewe."

Wakachonga. Chwa, chwa, chwa. Wakaunga mbao kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe. Wakawamba shuka upande wa juu. Bawa lao liling'aa kuliko lile la Mrutu.

Asubuhi ya kuruka akaja Bibi Nakiete. Huyu ndiye ninayemsimulia. Hakuwa mchongaji, alikuwa mtwangaji tu, mzee kuliko wote, na alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Akaizunguka ndege. Akagonga mbao za bawa la kulia. Ko. Akagonga za kushoto. Ko.

"Mbona hili linang'aa na hili haling'ai?"

Kichau, mkubwa wa wachongaji, akacheka. "Mbao zake tulizipaka mafuta ya nyonyo kabla ya kuunga. Mti usiopakwa mafuta hupasuka. Bibi, umetwanga miaka yote hiyo hujui?"

"Kinu nakijua. Kinu kina maungio mangapi?"

"Hakina. Ni gogo moja."

"Basi mafuta na gundi mmevikutanisha wapi?"

Kichau akakuna kidevu. "Hapa."

"Vinapatana?"

"Sijui, Bibi."

"Hata mimi sijui. Ipindueni. Leteni mchanga."

"Ndege gani hulala chali?"

"Kule juu upepo utasukuma bawa kutoka chini. Hapa mchanga utafanya kazi ya upepo, na hakuna atakayekuwa amepanda."

Wakaipindua huku wakinung'unika. Kikapu kimoja kila bawa. Kimya. Viwili. Kimya. Vitatu. Kimya. Vinne. Ngriii. Vitano. Kwachaa.

Bawa la kushoto likaachia. Hakuna ubao uliovunjika. Mbao ziliachana tu, ungio baada ya ungio, gundi ikabanduka kama ukoko wa ugali. Bawa la Mrutu lilibaki na vikapu vyake vitano.

Nanzia akatazama korongo. Akakaa chini.

"Tukwangue mafuta, tuunge tena," akasema Kichau, safari hii kwa sauti ndogo.

Bibi Nakiete akakata kipande, akanusa katikati yake. "Yamezama hadi moyoni. Hizi ni kuni. Pasueni mbao mpya, zikauke miezi mitatu."

"Miezi mitatu, Bibi?" akasema Nanzia. "Mwanangu ananingoja."

"Anakungoja ufike."

Nanzia hakumsemesha tena siku nne. Siku ya tano akachukua shoka, akaenda msituni na wachongaji.

Mbao zikakauka. Zikaungwa kavu, bila tone la mafuta. Ndege ikapinduliwa tena. Vikapu vitano. Kimya. Kumi. Kimya. Kumi na viwili. Kimya.

"Haya," akasema Bibi Nakiete. "Nenda."

Wakaigeuza, Nanzia akapanda, wakaisukuma hadi ukingoni. Vuuuu. Ikashuka kidogo, watu wakashika vichwa. Ikanyooka. Ikavuka. Ikatua ng'ambo katikati ya mtama, mkia ukavunjika, Nanzia hakuvunjika.

Mtoto akaja, akamtazama kutoka mbali.

"Umechelewa, mama."

"Ndiyo," akasema Nanzia. "Tulikuwa tunapima."

Fundisho ni hili: kujua kazi moja si kujua kazi zote. Ukishika kazi mpya, uliza kama mgeni, na ukosee ukiwa bado chini.

Hadithi yangu naitua hapo.