Mlango wa Saguti na Vibuyu vya Mzee Mntambo

Mwenye makinda ndani hachagui mlango.

Leo mmelisikia neno hilo sokoni, mkaja nalo mbio kwangu. Mnasema mama Rehani, yule asiyekanyaga tope asije akachafua viatu, ameonekana juu ya lori la mkaa, kanga yake nyeupe imegeuka nyeusi, akienda bweni kwa mwanawe aliyeshikwa na homa. Watu wakacheka weee, mpaka muuza vitumbua alipowatupia neno hilo, kicheko kikakatika. Sasa mnataka kujua ni makinda gani na mlango upi. Haya, kaeni. Wewe mwenye simu, iweke chini, haitakimbia. Neno hilo lina mwenyewe, na lilitoka hivi.

Zamani kidogo, kabla bati halijafika huku kwetu, alikuwapo bwana mmoja akiitwa Mzee Mntambo. Alikuwa mrefu, na alijua kwamba ni mrefu. Akitembea hutazama mbele tu, kofia yake ya kiua imekaa wima kichwani, na watu humpisha bila kuambiwa. Si kwamba alikuwa mtu mbaya, msije mkamsingizia. Alikuwa na mambo yake tu, kama sisi sote.

Mwanawe wa pekee, Mwantumu, aliolewa na kijana aliyeitwa Saguti, fundi wa kujenga, mkazi wa ng'ambo ya kijito. Saguti alijenga nyumba ya msonge safi kabisa, lakini mlango wake ulikuwa wa chini, kimo cha mbuzi aliyeshiba. Ndivyo marehemu baba yake, Shekiondo, alivyojenga. Kwao walisema nyumba huamkiwa kwa kuinama.

Siku ya kuifungua nyumba, Mzee Mntambo alikuja na kanzu mpya, akaenda moja kwa moja mlangoni kama alivyozoea kuingia popote. Pu! Paji la uso likakutana na kizingiti. Kofia ikaruka, ikaangukia kwenye sufuria ya mchuzi. Wageni walijaribu kujizuia, wakashindwa. Saguti mwenyewe, masikini, alicheka kabla hajajua kwamba anacheka.

Mzee aliokota kofia yake, ikichuruzika mchuzi, akasema, "Wallahi, sitaingia nyumba hii mpaka mlango wake unipokee nikiwa wima. Mimi nimwinamie mkwe wangu? Dunia imepinduka?"

Saguti, badala ya kuomba radhi, naye kichwa kikamwasha. Akajibu, "Mlango huu ni wa marehemu baba. Siupandishi kwa ajili ya mtu." Basi, yakawa hayo. Mafahali wawili, na Mwantumu katikati yao.

Sasa nije kwenye vibuyu. Nyumbani kwake Mzee Mntambo alikuwa na mti mrefu wa mnazi uliochongwa, ameusimamisha uani, na juu yake ametundika vibuyu vikavu, kila kimoja kimetobolewa tundu la mviringo. Humo walikaa mbayuwayu. Kila mwaka mvua zikikaribia walirudi, wakaingia vibuyuni mwao wakitaga na kulea, na muda wote huo mwewe hakuthubutu kuigusa anga ya ua ule. Akitokea tu, mbayuwayu humwendea wote kwa pamoja, wakimdonoa mgongoni mpaka aende zake. Kwa hiyo kuku wa Bi Chausiku, mkewe, walikua wote. Na mzee aliwapenda ndege wale, jamani! Aliwaita wapangaji wake. Alikaa kibarazani asubuhi akiwasemesha, na mkewe akipita husema, "Wapangaji wenyewe hata kodi hawalipi."

Tatizo lilikuwa kwezi. Ndege huyo ni mzuri, manyoya yanang'aa, lakini tabia hana. Hujenga kwa mwenziwe. Mwaka ule kwezi walikuja wengi, wakaingia vibuyuni, wakatupa mayai ya mbayuwayu chini, wakakaa wao. Mzee Mntambo alikuta maganda yametapakaa uani, akakaa juu ya kinu akayatazama, hakunywa hata uji.

Alifikiri sana. Akaona kwezi ana kifua kikubwa na miguu mirefu, hupenda kuingia akiwa amesimama. Mbayuwayu ni bapa, miguu yake mifupi, anaweza kujikunja. Basi alichukua vibuyu vipya, na badala ya tundu la mviringo akachonga mwanya mwembamba chini kabisa, karibu na sakafu ya kibuyu, umbo la mwezi mwandamo uliolazwa chali. Kwezi akijaribu kuingia, kifua kitamgomea. Mbayuwayu atapita akiburura tumbo. Alikuwa hodari wa kisu, na kazi ilitoka nzuri. Akashusha vibuyu vyote vya zamani, akapandisha vipya.

Mbayuwayu walirudi kutoka malishoni jioni ile, wakazunguka mti, wakazunguka tena. Wakasogea, wakautazama mwanya, wakarudi nyuma. Hakuna aliyeingia. Walilala juu ya paa, mvua ikawanyeshea, na asubuhi mzee aliwakuta wamejipanga huko wamelowa chapachapa.

"Wapangaji wako wanasema mlango huo hawautaki," Bi Chausiku alimwambia.

"Wana kiburi!" mzee akafoka. "Nimewachongea mlango wa kuwaokoa, wao wanataka wa mviringo! Kuinama kidogo tu kunawashinda?"

Bi Chausiku alimtazama mumewe. Akaenda kutwanga.

Mzee hakuwa na la kufanya. Alirudisha vibuyu vya zamani, mbayuwayu wakaingia siku ile ile, wakataga upya. Na kwezi nao wakarudi. Ikawa kazi ya mzee ni kushinda uani na kombeo, akitupa vijiwe kutwa nzima, shingo imemkakamaa kwa kutazama juu.

Wakati huo huo, ng'ambo ya kijito, Mwantumu akajifungua mtoto wa kiume.

Hapa sikilizeni vizuri. Kwa watu wale, mjukuu wa kwanza hupewa jina na babu mzaa mama. Jina hilo hunong'onwa sikioni mwa mtoto, humo humo ndani, kwa sababu mtoto hatolewi nje mpaka arobaini ipite. Siku ya saba ikifika, babu huingia, hunong'ona, na nje watu hula. Siku ya saba ilifika. Watu wakaja. Wali ukaiva. Babu hakutokea. Mtoto akabaki hana jina, watu wakimwita "mgeni" tu.

Bi Chausiku alikuwa akienda kila asubuhi kumkanda binti yake, na kila akirudi mumewe alimsubiri kwenye kivuko cha kijito, akijifanya anaangalia mitego ya samaki.

"Hajambo?" mzee huuliza.

"Nani?"

"Mgeni."

"Ana shingo ndefu," Bi Chausiku alimjibu siku moja. "Na akinyimwa ziwa hukunja uso hivi. Nilidhani nimekuona wewe."

Mzee aligeuka akatazama majini, macho yakamlowa. Kisha akasema, "Nimepata njia. Nitasimama nje, penye dirisha, nilitamke jina kwa sauti."

"Jina ni la sikioni, baba Mwantumu, si la mnadani."

"Basi wamtoe mlangoni mara moja tu, nimnong'oneze, wamrudishe."

"Mtoto mbichi, na baridi hii? Kwa ajili ya kofia yako?" Bi Chausiku akajitwisha kikapu chake. "Mwantumu amenituma. Anasema: mwambie baba sina hasira naye. Ila kila nikisikia hatua nje, mimi hujiweka sawa nikidhani ni yeye."

Maneno hayo yalimchoma mzee. Usoni hakuonyesha, lakini chakula cha mchana kilimshinda. Alitaka kwenda, tena alitaka sana. Lakini alijiona amepiga magoti mbele ya mlango ule, watu wanatazama, na Saguti amesimama pembeni. Moyo ukagoma.

Asubuhi iliyofuata alisikia kelele uani. Makinda walikuwa wameshaanguliwa, na kwezi mmoja mkubwa alikuwa amesimama kwenye tundu la kibuyu, kichwa kimeingia ndani. Mzee alirusha jiwe, kwezi akaruka, akatua juu ya mti akisubiri. Mzee alijua kwamba safari hii jiwe halitatosha.

"Mama Mwantumu! Nishikie ngazi!"

Alipasua kibuyu kimoja kipya, akachukua gae lenye mwanya, akapanda, akalifunga kwa kamba ya katani juu ya tundu la mviringo, mwanya ukibaki wazi kwa chini. Kwezi hapiti tena. Lakini alipokuwa anashuka, mama mbayuwayu akaja, kumbikumbi mdomoni. Akaenda pale pale palipokuwa na tundu, akajigonga kwenye gae, akayumba, akaruka mbali.

"Ole wangu!" mzee akashika kichwa. "Nimewafungia wanawe. Watakufa kwa njaa."

Alikwisha kuushika mguu wa ngazi apande tena kulifungua, ndipo makinda walipolia ndani. Mama yao akarudi. Akajibandika kwenye kibuyu, akauchungulia mwanya, akasita. Makinda wakalia tena. Basi ndege yule akabana mabawa, akalaza kichwa, akajisukuma tumbo chini, mkia juu, unyoya mmoja ukamnyofoka, na hoo! akapotea ndani. Kelele za makinda zikageuka za kula. Punde akachomoka, akaenda kutafuta kumbikumbi mwingine, akarudi, na safari hii hata hakusita.

Kwezi naye akajaribu. Kifua kikamgomea. Akatukana kwa lugha ya kwao, akaenda zake.

Mzee Mntambo alicheka mpaka akakaa chini. Akapiga makofi, akapaza sauti, "Ndege huyu juzi tu alilala kwenye mvua kwa kuukataa mwanya huu! Leo umeona? Mwenye makinda ndani hachagui mlango!"

Bi Chausiku hakucheka. Bado alikuwa ameishika ngazi.

"Sema tena," alisema.

"Niseme nini?"

"Hilo ulilolisema. Lirudie, polepole."

"Mwenye makinda ndani..." mzee akaanza, bado anatabasamu. "Hachagui..." Hakumaliza. Tabasamu lilimtoka. Alitazama juu kwenye kibuyu, akatazama ng'ambo ya kijito.

"Niliapa, mama Mwantumu," alisema taratibu.

"Kiapo kina kafara yake. Tutalisha masikini, na nitachinja kuku wangu mwenyewe. Inuka."

Aliinuka. Hakungoja hata kubadili kanzu, ingawa hiyo aliyovaa ilikuwa na vumbi la vibuyu. Alikwenda kwa hatua ndefu, mkewe akimkimbilia nyuma, na wanawake waliokuwa wakifua kijitoni walipowaona wakaacha nguo, wakafuata. Nani angekubali kukosa jambo hilo?

Saguti alikuwa uani kwake akichonga mpini. Alipomwona mkwewe anavuka, alisimama. Kijana yule naye hakuwa amelala vizuri tangu siku ya saba. Alidaka shoka, akaukimbilia mlango.

"Baba, subiri! Nakata kizingiti sasa hivi! Ngoja kidogo tu, uingie wima!"

Akainua shoka. Na ndani, mtoto akalia.

"Weka shoka chini, mwendawazimu!" mzee akafoka. "Unataka kumwangushia mjukuu wangu nyumba?"

Na kabla Saguti hajajibu, Mzee Mntambo, yule yule, alivua kofia akamkabidhi mkwewe, akapiga magoti, akaona hayatoshi kwa urefu wake, akalala tumbo chini. Kichwa kikaingia. Mabega yakagoma, akayakunja moja moja. Kwa nje ikabaki miguu tu, inarusha vumbi, na ndala moja imechomoka.

Wanawake wa kijitoni waliangua kicheko. Mmoja alishika mbavu, mwingine akajifunika kanga usoni.

Bi Chausiku akawageukia. "Mbona mnacheka? Mwenye makinda ndani hachagui mlango."

Kicheko kilikatika. Miguu ya mzee ikapotea ndani. Kisha wakamsikia Mwantumu, anacheka na kulia kwa pamoja, "Baba! Tumbo lako limejaa udongo!"

"Lete sikio la mtoto," mzee akasema. "Udongo utaoshwa."

Kila mtu alijua jina litakalotolewa. Lingekuwa la baba yake Mzee Mntambo, ndiyo desturi, na mzee alikuwa amejigamba nalo tangu Mwantumu hajaolewa. Walisubiri. Mwantumu akachungulia mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Saguti. Amemwita Shekiondo."

Saguti alikaa pale pale chini, kofia ya mkwewe mkononi. Alikuwa hajalisikia jina la baba yake tangu msibani.

Na kutoka ndani sauti ya mzee ikaja, nzito kidogo, "Mtu aliyejua kujenga mlango wa kumlaza Mntambo kifudifudi anastahili kuitwa kila siku. Sasa nileteeni maji, na mtu aanze kufikiria nitatokaje humu."

Wakamletea maji, wakala, wakacheka mpaka jua likapinda, na safari hii mzee ndiye aliyecheka kwanza.

Ndivyo neno lile lilivyozaliwa. Kwa hiyo kesho mkimwona mama Rehani anarudi na kanga yake nyeusi ya mkaa, asisikike mtu akimcheka. Mpokeeni mzigo, mmwulize mtoto anaendeleaje. Mwenye makinda ndani hachagui mlango.