Waraka wa Kilima cha Mpingwe

Kabla sijaanza, nikiri kosa langu, maana si vizuri kumnyooshea mtu kidole chenye tope. Nilipokuwa kijana nilibandua bakuli la kale lililojengewa kwenye ukuta wa kaburi, kule magofuni. Bakuli la Kichina, lina samaki wa buluu. Wala sikuliuza. Nililiweka uani nikawanyweshea kuku maji, hadi jogoo akaliangusha likavunjika. Marehemu simjui, na wa kumwomba radhi simwoni. Mola anisitiri. Basi msinione hakimu. Mimi nasimulia tu. Hukumu ni yenu.

Hapo zamani, na si zamani ya fisi na sungura, bali zamani ambayo baadhi ya wenyewe bado wanapumua, palikuwa na kilima kiitwacho Mpingwe. Juu yake makaburi zaidi ya arobaini. Hayana nakshi, hayana maandishi. Jiwe moja kichwani, jiwe moja miguuni, basi. Chini ya kilima aliishi Feruzi, mchoma chokaa. Mama yake alilala pale juu. Kila Ijumaa Feruzi alipanda, akafagia, akasoma Fatiha, akashuka.

Siku moja wakaja watu wa machimbo. Walitaka kilima kwa ajili ya mawe. Feruzi akaenda kwa afisa ardhi. Afisa akamwambia, "Mzee wangu, mawe mawili mawili si ushahidi. Niletee maandishi kwamba pale ni makaburi, na ni ya nani, nami nitawasimamisha. Una siku saba."

Maandishi yalikuwapo, jamani. Mwaka mmoja nyuma yalikuwa mazima, ndani ya kasha la jirani yake, Bi. Mwanashali.

Kasha hilo aliachiwa na baba yake. Juu palikuwa na utenzi. Chini palikuwa na waraka: majina ya watu arobaini, mipaka ya kilima, na neno la bwana wao kwamba amewaacha huru na kilima amekitoa wakfu wazikwe pale, wao na vizazi vyao. Walikuwa watumwa. Na jina la saba lilikuwa la babu yake Bi. Mwanashali. Yeye hakujua kusoma, ila baba yake alimwambia. Naye miaka yote aliwaambia majirani kwamba babu yake alitoka Hadhramauti, Uarabuni.

Akaja mtafiti kutoka chuo kikuu, jina lake Zawena, binti mpole, anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu kama mnavyosoma nyinyi gazeti. Akakaa mkekani siku tatu, akinakili utenzi.

"Mama, na hizi za chini?"

"Hizo dua tu, mwanangu. Ziache."

Zawena akachungulia. Akaona "kaburi." Akaona "mpaka wa kusini." Akajua si dua. Lakini akasema moyoni: nikimbishia mama wa watu atanifungia kasha, na utenzi sijaumaliza. Akanyamaza. Akarudi mjini, akatoa kitabu, akasifiwa.

Masika yakaja, paa likavuja, mchwa wakaingia kashani, wakaumaliza utenzi, wakaanza na waraka. Bi. Mwanashali akamwita Mwalimu Shebe, mwadhini, aliyefundisha watoto Kurani miaka thelathini. Nanyi mwajua ada yetu: karatasi yenye jina la Mungu ikichakaa haitupwi jalalani. Hufungwa kitambaa cheupe, ikazikwa mahali pasipokanyagwa.

"Mwalimu, nizikie dua hizi."

Shebe akafunua. Herufi anazijua zote. Lakini maneno hayakuja kama Kiarabu anachokijua. Kumbe kilikuwa Kiswahili, lugha aliyonyonya kwa mama yake! Angeutamka mstari mmoja tu, masikio yake yangemwambia. Ila wanawake wa jirani walikuwa wamekaa wanamtazama.

"Mbona umeduwaa, Mwalimu? Miwani imekusaliti leo?" Wakacheka.

Shebe akazikunja upesi. "Dua nzito hizi. Za wakubwa." Akazifunga, akazizika nyuma ya msikiti.

Sasa rudini kwenye zile siku saba. Feruzi alipita nyumba kwa nyumba. "Kuna karatasi ya zamani hapa?" Bi. Mwanashali akamjibu, "Kasha langu tupu, kaka." Na kweli lilikuwa tupu. Siku ya sita roho ikamsuta mama huyo. Akampigia simu Zawena, akamweleza habari ya kilima na afisa.

"Mwanangu, zile za chini ulizinakili?"

"Sikuzinakili, mama. Ulisema ni dua."

"Ulizisoma?"

"Nilizisoma. Lakini majina siyakumbuki, mama. Na afisa anataka maandishi."

Zawena akaja siku ileile. Mwalimu Shebe akachimba kwa mikono yake. Kitambaa kilikuwapo. Ndani yake palikuwa na udongo wa mchwa.

Siku ya nane tingatinga likapanda. Mifupa ikatiwa kwenye magunia manne, ikashushwa mlangoni kwa Feruzi. Akayatazama, akauliza, "Mama yangu yumo gunia lipi?"



Majirani wakayazika yote shimo moja. Feruzi, habari ya waraka ikiwa imeshamfikia, akaingia ndani, akakataa chakula cha matanga, akatuma neno: "Sitaki pole za kundi. Nataka mtu mmoja, yule ambaye bila yeye mama yangu angekuwa bado amelala kwake. Aje, akae hapa mbele yangu, aniambie. Nitamsamehe au sitamsamehe. Wengine wasivuke mlango wangu tena maisha."

Watatu wakakutana uwanjani, mbele ya nyumba ya Feruzi.

Mwalimu Shebe akasema, "Nilizika nilichopewa, kwa heshima yake. Nani aliita dua?"

"Mimi," akasema Bi. Mwanashali. "Nilidanganya. Hapa mtu akiitwa kizazi cha mtumwa, hata posa ya mjukuu wake hurudishwa. Lakini mimi sijui alifu wala bee. Nyinyi wawili mlikuwa na macho."

Zawena akasema, "Mimi nilijua. Ila siri ilikuwa yake. Ningemvua mama nguo mbele ya watu?"

"Usingemvua nguo, binti. Ungeninong'oneza mimi," akasema Mwalimu Shebe.

"Nawe Mwalimu, ungesoma kwa sauti mstari mmoja," akajibu Zawena.

Mlango wa Feruzi ulikuwa wazi. Wote watatu waliuona, na hakuna aliyeinua mguu.

Aliyedanganya kwa aibu, aliyejua akanyamaza, aliyezika asichokisoma: je, nani alistahili kuingia kwa Feruzi? Naombeni mnijibu, kila mtu kwa kinywa chake, kabla hamjaondoka.