Aliyebisha Bila Kusema Hodi

Watoto wa mkekani, sogeeni karibu kidogo. Nanyi wakubwa wa nyuma, mfano huu ni wenu zaidi kuliko wao.

Kulikuwa na fundi mmoja wa umeme wa magari. Alikuwa na gari-nyumba kuukuu, lile la kulala watalii: mbele viti viwili, kisha ukuta wa bati, na nyuma chumba chenye kitanda, jiko na friji ndogo. Siku moja akampakia mama yake mzazi ili amrudishe kijijini kwao, ng'ambo ya mbuga, mahali pasipo na zahanati. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Dawa yake ya kuchoma sindano, ya miezi kadhaa, ilipangwa ndani ya friji. Kichupa alichokuwa akikitumia alikiweka kikapuni mwake, kimefungwa kitambaa kibichi. Mke wa fundi naye alikuwemo.

Mchana, jua likiwa utosini, walisimama katikati ya mbuga ili wale chakula. Hapakuwa na mti wala nyumba. Hata upepo ulikuwa umekufa. Fundi akazima injini, na katika ukimya ule wakasikia.

Tok. Tok. Tok.

Kisha kimya. Kisha tena: tok, tok, tok.

Mke akatazama mlango wa gari. Hapakuwa na mtu. Akageuka polepole. Sauti ilikuwa ikitoka ndani ya friji.

"Labda ni yule samaki wa jana," akasema, "kaona baridi imemzidi, anaomba kutoka." Lakini yeye mwenyewe hakucheka.

Mama mkwe akaweka sahani chini. "Mama Tunu, usiguse hapo. Umesikia hodi?"

"Sikusikia, mama."

"Basi. Mtu akibisha husema hodi. Kinachobisha bila kusema hodi si mtu, na hakifunguliwi. Hasa saa hizi za jua kali."

Hivyo ndivyo alivyolelewa. Na sisi wengi tumelelewa hivyo hivyo, msijifanye wageni.

Fundi hakupenda maneno yale. Akatoka, akafungua boksi la fyuzi: zote nzima. Akapima betri: ina nguvu. Akachungulia taa ndogo ya kijani juu ya mlango wa friji: inawaka vizuri kabisa. Limebaki jambo gani? Niambieni, watoto. Limebaki kufungua mlango na kutia mkono ndani, basi. Akanyoosha mkono.

"Mwanangu," mama akasema kwa sauti ndogo, "nimekuzaa mimi. Usifungue."

Mkono ukarudi. "Haya, mama. Taa si inawaka? Friji ni nzima."

Mama akavua kanga yake ya mabegani, akafunga nayo kishikio cha mlango wa friji, fundo juu ya fundo. Wakaendelea na safari. Kule nyuma ya gari kubisha kukaendelea, mara kwa haraka, mara kwa kulegea, kama mtu anayechoka. Jua lilipoinama, sauti ikakatika.

"Limeondoka," mama akasema, na wote watatu wakamshukuru Mungu kwa kimya kile.

Ngojeni. Wakashukuru kwa nini?

Kesho yake jioni, bado wakiwa mbugani, kichupa cha kikapuni kikaisha. Sasa ilikuwa lazima. Mke akafungua mafundo, akavuta mlango. Hewa ya moto ikampiga usoni, kama pumzi ya mtu mwenye homa. Akashika vile vichupa. "Baba Tunu! Vimekuwa kama chai!"

Fundi akalala chini ya gari na tochi. Akaukuta waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari: nati yake imeliwa na kutu. Umeme uliopenya ulikuwa mdogo. Uliitosha ile taa ya kijani, kwa sababu taa haihitaji mwingi. Lakini mota ya baridi inahitaji mwingi. Kila ilipojaribu kuamka, nguvu ilikatika, ikaanguka: tok. Ilijaribu mchana kutwa, mpaka ikaungua. Na taa? Taa ilikuwa bado inawaka.

"Kumbe nani alikuwa akibisha?" mama akauliza kutoka kitandani.

Fundi akajitoa chini ya gari. "Ilikuwa dawa yako, mama."

Wakageuza gari kuelekea hospitali waliyoipita. Njiani kiu ikamshika mama. Akanywa maji, akanywa tena, kisha akasema aachwe alale. Mke akahamia mbele kumsaidia mumewe kuangalia mashimo. Wakaenda hivyo usiku, mpaka kukapambazuka. Ndipo nyuma yao, kwenye ukuta wa bati:

Tok. Tok. Tok.

Mke akamshika mumewe mkono. Friji ilikuwa imekwisha kuungua. Fundi mwenyewe aliikata waya. Mguu wa fundi, bila yeye kuuamuru, ukakanyaga mafuta ili gari likimbie.

"Simamisha," mke akasema.

"Hakuna aliyesema hodi."

"Simamisha, Baba Tunu!"

Akasimamisha. Akazunguka nyuma, akafungua mlango. Mama yake alikuwa sakafuni, ameegemea ukuta, akigonga bati kwa pete ya kidole chake. Midomo ilikuwa imekauka, ulimi umeganda. Alitaka kusema hodi. Hakuweza.

Wakamlowesha midomo. Mke akakaa naye, kichwa chake mapajani, mpaka hospitali. Akapona, lakini kwa shida. Je, kama gari lingekimbia?

Ndugu zangu, sisi tunaishi kwa kutazama taa ya kijani. Jirani anaitikia salamu, tunasema mzima. Mke anapika, mume anakwenda kazini, tunasema nyumba nzima. Mtoto aliyekuwa mwimbaji amekuwa mpole ghafla, nasi tunamsifu kwamba siku hizi ametulia. Tabasamu halihitaji nguvu nyingi, jamani. Huendelea kuwaka hata moyo ukiwa umekwisha kuungua.

Tena tunangoja hodi. Tunataka mwenye shida aje na maneno yaliyonyooka, aketi, aeleze. Lakini ajuaye kusema hodi bado ana nguvu. Yule anayebisha tu, kwa hasira, kwa ulevi, kwa kukukalia kimya mezani, huyo ndiye aliyeishiwa na maneno. Nasi tunamfungia kanga.

Mkitoka hapa, msitazame taa. Fungueni mlango, mtie mkono ndani. Na kama kwenu kuna mtu aliyekuwa akibisha, na siku hizi habishi tena, msiseme amina kwa kimya hicho.

Kimbieni mkamfungulie.