Kipumulio cha Filimoni

Pumzi ya akiba huvutwa siku ya raha. Ndivyo nilivyowajibu mlipoingia hapa kuomba sufuria yangu kubwa hata kabla ya kuniamkia vizuri, nanyi mkabaki kunikodolea macho. Sasa Devota anataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Sufuria haina miguu, haitakimbia. Yotamu, vuta ungo huo, uchambue dagaa huku unasikiliza, usije ukanisinzilia. Methali hii niliiona ikizaliwa, na ilianza hivi.

Zamani nilikuwa mpishi kwenye kambi ya wapiga mbizi, huko kusini mwa Kigoma, ambako milima inaingia ziwani bila kuacha hata pa kuanikia nguo. Wale hawakuvua samaki wa kula. Walikamata wale wadogo wa rangi, samaki wa mapambo, wanaosafirishwa wakiwa hai kwenda kuwekwa kwenye matangi ya vioo huko ng'ambo. Samaki wa kutazamwa! Nilicheka mpaka nikazoea.

Kati yao walikuwepo wawili, Ruyagwa na Filimoni, na hakuna aliyewahi kumwona mmoja akiingia majini bila mwenziwe. Ukimpakulia huyu, yule naye anasogeza sahani. Kisha masikio ya Filimoni yakaharibika kwa kuzama sana, daktari akamkataza maji. Akahamia kijiji cha upande wa pili wa mlima, kwenye nyumba aliyoachiwa na mama yake, akaishi huko peke yake. Ruyagwa naye alikuwa mgane, watoto wako mbali. Akabaki kambini, akawa anazama peke yake.

Siku ya kuondoka, Filimoni alimwachia kipumulio chake cha zamani. Kipumulio ni kile kidude anachokiuma mpiga mbizi mdomoni, kinachomletea hewa kutoka kwenye mtungi. Vijana wa kambini walikicheka, maana kilikuwa kizito na kimechujuka.

"Chekeni tu," Filimoni akawaambia. "Hiki ni shaba tupu, hakina mbwembwe, na mipira yake ya ndani bado inauzwa. Cha akiba kinatakiwa kiwe hivyo." Halafu akamgeukia mwenziwe. "Lakini kivute, Ruyagwa. Hata pale maji yanapofika kiunoni, kivute mara kwa mara. Na kila mwaka niletee nikibadilishie mipira."

Ruyagwa akaitikia. Akaenda akakifunga kwenye kitenge cha marehemu mkewe, akakitia sandukuni. Kila Jumapili alikitoa, akakifuta, akaipaka mipira yake mawese, ya nje na ya ndani, mpaka ikang'aa, kisha akakirudisha. Unacheka nini, Yotamu? Sisi watu wa Kigoma kitu gani hatukipaki mawese?

Nilimuuliza mbona hakitumii. Akasema, "Nikikitumia kitachakaa. Hiki ni cha siku ya shida."

"Na kwa Filimoni unakwenda lini?"

"Filimoni yupo, mama. Anakwenda wapi?"

Ikapita miaka mitatu hivyo. Mlima wenyewe ni wa kutembea asubuhi moja tu, lakini hakuupanda. Jioni nilimwona mlangoni pake na sahani yake, amesogea upande mmoja wa benchi kana kwamba kuna mtu atakuja kukaa. Ukimsalimu anaitikia vizuri kabisa, kisha ananyamaza. Nilimwonea huruma, lakini mtu mzima humshiki mkono ukampeleka kwa rafiki yake.

Siku moja vizimba vya samaki vilinasa kwenye mawe, chini sana. Ruyagwa akatoa kipumulio cha akiba, akakifunga kwenye mtungi mdogo wa pembeni, akafungua hewa, akasikia tsss, akaridhika. Hakukivuta hata mara moja. Akachukua mtumbwi, akaenda bila kumuaga mtu.

Huko chini mpira wa hewa wa kipumulio chake cha kila siku ukapasuka. Mapovu yakamfunika uso kama uji uliofurika. Alisema hakuogopa sana, kwa sababu mkono wake ulijua pa kwenda. Akakiuma cha Filimoni, akavuta. Yakaja maji. Akapuliza kwa nguvu, akavuta tena. Maji! Yale mawese yalikuwa yameulainisha mpira wa ndani mpaka ukawa kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, ukachanika. Akapanda juu kwa pumzi ile iliyobaki kifuani, akiitoa kidogo kidogo kama walivyofundishwa, mpaka kichwa kikatokeza.

Akashika boya la vizimba. Mtumbwi ulikuwa umeshasukumwa mbali na upepo, kifua kinamwuma, mikono haina nguvu ya kuogelea. Akataka kupiga kelele aokolewe. Na hapo, wajukuu zangu, akakosa jina la kuita. Mke hayupo. Watoto hawapo. Kambini hakuna aliyejua kama ametoka. Akafungua mdomo, na jina lililotoka ni Filimoni, aliye nyuma ya mlima na masikio yake mabovu. Akaliita hilo hilo mpaka sauti ikamkauka. Wavuvi wa dagaa waliokuwa wakipita ndio waliomwopoa. Aliponisimulia alilia mbele yangu, mtu mzima yule, wala hakujificha.

Lakini alipopata nafuu, mnadhani alifanya nini? Alipandwa na hasira! Akakibeba kile kipumulio, akaupanda mlima, na mimi nyuma, maana alikuwa bado anakohoa. Akaingia uani kwa Filimoni bila hodi, akakitupa mkekani na kufoka kwa sauti yote aliyonayo.

"Ulinipa kitu cha kuniua!"

Filimoni akainua uso, akatabasamu. "Ruyagwa! Afadhali wewe unasema kwa sauti. Hapa wote wananinong'oneza."

Jamani, sikujua nicheke au nilie. Filimoni akakiokota kipumulio, akakifungua kwa taratibu, akanusa.

"Umepaka mawese."

"Ili kidumu."

"Mawese yanaua mpira, ndugu yangu. Ungekivuta mara moja tu ufukweni ungejua. Ulikivuta lini?"

Ruyagwa akaanza kujikung'uta vumbi la mlimani.

"Hukukivuta," akasema Filimoni. Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Mlikuwa na mipira mipya, bado ndani ya vifuko vyake. "Nimekuwa nikikununulia kila mwaka. Kila mvua zikikatika nasema, mwezi huu atakuja. Napika cha watu wawili, kisha nampa mbwa wa jirani."

Hasira ya Ruyagwa ikamwisha pale pale. Akakaa chini. "Nilijua upo, Filimoni."

"Nipo, ndiyo. Na hiki nacho kilikuwepo sandukuni."

Mimi nilijifanya naangalia kuku. Kisha Filimoni akasema shaba bado ni nzima, iliyokufa ni mipira, na mipira inabadilishwa. Wakainama juu ya mkeka vichwa vikigusana, wakasafisha, wakabadilisha. Halafu tukateremka ziwani. Maji yalikuwa yametulia, hakuna haraka wala shida yoyote. Filimoni akaketi juu ya jiwe, akamwamuru mwenziwe akae kwenye maji ya kiunoni na kuvuta. Ruyagwa akavuta, mapovu yakatoka vizuri. Alipoinua kichwa, Filimoni akamwambia yale maneno niliyowaambia nyinyi mlipoingia.

Tangu siku ile Ruyagwa aliupanda mlima kila wiki na kipumulio chake begani. Hakikuwa na ubovu wowote. Kilifunguliwa, kikafungwa, wakala. Hivyo mpaka Filimoni alipofariki, na siku hiyo Ruyagwa alikuwepo, wala haikubidi aitwe.

Basi. Sufuria iko nyuma ya mlango. Niliisugua tangu Jumatatu niliposikia mna harusi, nikasema, sasa nitakumbukwa. Usiiname hivyo Devota, sijakugombeza.

"Bibi, tutairudisha Jumapili."

Sufuria rudisheni mtakapopenda. Jumapili njooni mikono mitupu, msitake kitu, mkae tule. Pumzi ya akiba huvutwa siku ya raha.