Tuta Lisilo na Mtu

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema bali hii ya juzijuzi, mji wa Mtondooni ulijaa watu hadi wafu wakakosa pa kulala. Ukichimba kaburi, unakuta mifupa. Ukisogea kando, mifupa tena. Mchimba makaburi wa mji, Mzee Mtengo, akawa hana raha. Miaka thelathini amewalaza watu vizuri, na sasa kila akiinua jembe moyo unamwenda mbio.

Baraza la mji likamwita. "Mzee Mtengo, udongo unaujua wewe. Tutafutie ardhi ya makaburi mapya."

Akaenda. Akachimba shimo bondeni, kina cha kifua. Kesho yake maji yamejaa, vyura wanaimba. Hapafai. Akapanda kilimani, jembe likagonga mwamba, likatoa cheche. Hapafai. Akazunguka siku kumi na moja, miguu imevimba, mpaka shamba la mihogo la Bi Siwatu, mjane asiye na shamba jingine. Akaomba kuchimba. Kuta za shimo zikasimama wima, na baada ya siku tatu chini bado pakavu.

"Panapokubali mhogo, na kaburi hukubali," akamwambia. "Lakini shamba ni lako, dada."

Bi Siwatu akalitazama shamba lake. Akalia, wala hakujificha. Kisha akasema, "Wafu wa mji watalala wapi, juu ya miti? Chukueni." Akang'oa mihogo yake ikiwa bado michanga.

Mnadhani yaliishia hapo? Thubutu! Watu wa Mtondooni wana jambo lao: maiti wa kwanza katika ardhi mpya hulala peke yake, analinda lango la makaburi mpaka apate mwenzake. Nani ampeleke mzazi wake akawe mlinzi? Wengine wakasafirisha maiti hadi vijijini, wengine wakazika ndugu juu ya ndugu. Shamba likakaa, likaota magugu.

Ndipo Tausi, mshona nguo, akafiwa na mama yake. Akaja mbio kwa Mzee Mtengo.

"Baba, mama aliniusia alazwe ubavuni mwa marehemu baba. Nafasi ipo?"

Sasa sikilizeni. Ubavuni mwa baba yake Tausi palikuwa na tuta. Mji mzima ulidhani ni kaburi. Halikuwa kaburi! Upande wa pili wa tuta hilo alilala Mwanapili, mke wa Mtengo, na Mtengo alilirundika mwenyewe tangu mwaka aliomzika, ajiwekee mahali pake. Kila mvua ikilibomoa, hulipandisha upya. Ndilo lililokuwa likimpa usingizi.

Mtengo akatazama pembeni. "Pamejaa, mwanangu."

Tausi akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Basi mama atatangulia kule shambani. Lazima mtu aanze."

Akamzika mama yake katika ekari nne tupu. Siku saba akawa anakwenda na kitambaa chake na sindano, anashona kando ya kaburi asubuhi hadi jioni, asimwache mpweke. Watu wakaona haya. Siku ya nane likaja jeneza la pili. Ya tisa, yakaja mawili. Mji ukapata makaburi.

Mtengo je? Hakula akashiba tena. Akikaa, anasimama. Akilikaribia tuta, anageuza njia.

Baraza likaja kuyafunga makaburi ya zamani, watu wamejaa. Karani akahesabu matuta na majina. Tuta moja likazidi.

"Hili la nani?"

Mtengo angeweza kutaja jina lolote, nani angefukua? Lakini alimwona Tausi, akashindwa. "Hamna mtu humo. Nimelirundika mimi. Tausi mwanangu, siku ile nilikudanganya."

Zikazuka kelele! Mwenyekiti wa baraza, Bi Faustina, akapiga makofi mpaka watu wakatulia. "Nafasi ni moja tu. Anayeidai aseme."

Bi Siwatu akasema, "Mwanangu wa pekee amelala miguuni pa tuta hili. Shamba nimelitoa, na bila mimi mngezika hewani. Siku yangu ikifika, nilazeni karibu na mwanangu. Hapa ni pangu."

Tausi akasema, "Hapa palikuwa pa mama. Ameulinda mji mzima kwa uongo wa mtu mmoja. Mhamishieni kwa mumewe. Hapa ni pake."

"Na waliomfuata kule?" akauliza Bi Siwatu. "Tuwaambie mlinzi wao kaondoka?"

"Wako wengi sasa, shangazi. Wanatosha kulindana."

Wakamgeukia Mtengo.

"Nimekosa," akasema. "Lakini bila miguu yangu mngewazika watu wenu majini. Na ningesema kweli siku ile, lango lisingefunguliwa hadi leo. Sijisifu kwa hilo, linaninyima usingizi. Ila nilimwahidi Mwanapili kuwa sitamwacha peke yake. Sidai. Naomba."

Bi Faustina akawageukia watu. Mtengo akapiga magoti, akalisawazisha tuta kwa mikono yake mpaka pakawa tambarare, akasimama kando, udongo umemjaa kwenye kucha. Hakuna aliyeondoka.

Haya, msinitazame mimi, mimi limenishinda. Nyinyi mnaozika na mtakaozikwa, semeni: mahali pale, nani alistahili?